Deni na Dhamana katika Mabepari wa Venisi

Shakespeare aliitungia tamthilia yake anwani yenye mfanyabiashara mmoja. Julius Nyerere, katika tafsiri yake ya mwaka 1969, akaandika Mabepari wa Venisi, kwa wingi. Aghalabu wingi huo huelezwa kwa siasa: Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka 2, na mtafsiri ndiye aliyekuwa kiongozi wake. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanalipita swali la kimaadili lililomo ndani ya wingi wenyewe. Ni nani hasa mwenye hatia katika deni la Antonio?

Neno bepari lilifika pwani kutoka lugha za Bara Hindi likiwa na maana ya mfanyabiashara tu. Ubaya lilitiwa baadaye. Kwa sikio la zamani, basi, anwani ya Nyerere ni tafsiri ya kawaida, na kwa sikio la ujamaa ni shutuma.

Usomaji uliozoeleka humfanya Shylock mla riba na Antonio mkarimu anayekopesha bila faida. Lakini mkataba wa dukati 3,000 kwa miezi 3, anaoufunga Antonio kwa ajili ya rafiki yake, hauna riba yoyote. Adhabu ya kutolipa ni ratili moja ya nyama ya mwili wake. Antonio, aliyekuwa akimtemea Myahudi huyo mate, anautia sahihi kwa hiari. Muda unapokwisha, ni yeye mwenyewe anayekiri kwamba Mtawala hawezi kuizuia sheria, kwa kuwa biashara ya mji inategemea wageni, nao wageni wanaitegemea sheria hiyo. Katika kesi Shylock anawakumbusha wenyeji watumwa waliowanunua: mbona hawawaachi huru wakawaoza mabinti zao? Watasema watumwa ni mali yao. Naye anadai nyama aliyoinunua kwa fedha nyingi. Hapana anayemjibu. Portia anamshinda kwa maneno ya mkataba, si kwa kuikana kanuni kwamba mwili huuzwa.

Kenya imeupa wingi huo uzito mwingine. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, iliwafikia watu waliokuwa mbali na benki. Mwaka 2012 ikafuata M-Shwari, mkopo wa simu uliotozwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Mama mboga asiye na hatimiliki ya shamba aliweza kupata mtaji wa alfajiri bila kumpigia mtu magoti. Kulibeza jambo hilo ni anasa ya mwenye mshahara. Hata hivyo, ada hiyo ikirudiwa kila mwezi kwa mwaka mzima hufika asilimia 90. Asiye na kitu ndiye anayeuziwa fedha kwa bei ya juu. Dhamana nayo ilibadilika. Baadhi ya kampuni za mikopo ya programu za simu zilichukua orodha ya majina yaliyomo katika simu ya mkopaji na, alipochelewa, zikawapigia mkwe, mwajiri na jirani. Kilichokatwa hapo ni heshima badala ya nyama. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zilipiga marufuku mtindo huo.

Shylock ana chuki, lakini ana uso. Portia anamwomba rehema, naye anaikataa mbele ya watu. Bila kukataa huko hapana tamthilia. Programu ya simu haiombeki. Anayepima ustahiki wa mkopaji ni hesabu ya miamala yake. Mwenye hisa hamjui, na anayepiga simu za kudai ni kijana aliyeajiriwa ambaye huenda naye anadaiwa vilevile. Mhakiki anayemsaka mwovu mmoja hampati, na hapo ndipo wingi wa Nyerere unapoonekana kuwa zaidi ya siasa ya wakati wake. Riwaya ya deni hili, ikiandikwa, itabidi itafute namna ya kumsawiri mkopeshaji asiye na mlango wa kupigiwa hodi.