Kisu au Kukesha?

Wazee husema, "Subira yavuta heri." Wazee hao hao husema pia, "Ngojangoja huumiza matumbo." Methali zote mbili ni za kweli, wala hatujui mahali zinapogombana kwa ukali zaidi kuliko kando ya kitanda cha mtu aliyeumia tumbo bila ngozi kutoboka.

Ndugu wapendwa, sisi tukaao Tengeru twawajua watu hao. Barabara kuu ya Arusha na Moshi yapita mlangoni petu. Kijana wa bodaboda huanguka, usukani ukampiga tumboni, naye huinuka, akajikung'uta vumbi na kusema hajambo. Mwingine huteleza juu ya mparachichi, mwingine hupigwa teke na ng'ombe. Tena yuko mama ambaye amepigwa nyumbani kwake. Damu haionekani nje, lakini ndani bandama au ini yaweza kuwa limepasuka, au utumbo umechanika. Je, apasuliwe, au aangaliwe kwanza?

Ziko hali zisizo na mashaka. Ikiwa shinikizo la damu lashuka, mapigo ya moyo yaenda mbio, kipimo cha ultrasaundi chaonyesha damu tumboni, na mgonjwa hatengemai hata akiongezewa maji na damu, hapo kungoja ni kumwacha afe. Vivyo hivyo tumbo likiwa gumu kama ubao, kwa kuwa ni dalili kwamba huenda utumbo umetoboka na uchafu wake wamwagika ndani. Taabu iko kwa yule wa katikati: tumbo lauma, damu kidogo yaonekana, lakini mapigo yake yametulia naye azungumza vizuri.

Zamani madaktari walifundishwa kwamba bandama iliyopasuka sharti iondolewe. Lakini mwaka 1952 King na Shumacker wa Marekani walieleza habari za watoto wachanga watano waliotolewa bandama kwa sababu ya ugonjwa wa damu, kisha wakapatwa na maambukizo makali. Ikaanza kufahamika kwamba bandama ni askari wa mwili. Mwaka 1968 Upadhyaya na Simpson, wa hospitali ya watoto ya Toronto, Kanada, waliandika juu ya watoto walioumia bandama, wakaonyesha kwamba wengine wanaweza kupona bila kisu. Baada ya miaka mingi njia hiyo ikakubaliwa hata kwa watu wazima ambao hali yao imetulia. Kwetu sisi wa nchi za malaria jambo hili ni zito, maana asiye na bandama huwa katika hatari kubwa zaidi homa kali inapomshika.

Basi subira imeshinda? La, tusifanye haraka. Subira waliyoisifu madaktari hao si ya kukaa bure. Mgonjwa hulala kitandani bila kula wala kunywa. Mapigo na shinikizo la damu hupimwa tena na tena, usiku na mchana. Tumbo hubonyezwa kwa upole na mkono ule ule, ili badiliko dogo litambulikane. Damu hupimwa upya. Tena chumba cha upasuaji huwa tayari, pamoja na daktari, mtoa usingizi na damu ya kuongeza, kwa sababu utumbo uliochanika waweza kujificha kwa saa nyingi kabla ya kujidhihirisha. Kungoja kwa namna hiyo ni kazi, na pengine ni kazi nzito kuliko kupasua.

Hapa ndipo lilipo neno tunalotaka kulisema. Daktari hana haki ya kuchagua kungoja ikiwa hakuna wa kukesha. Tufikirie hospitali ndogo yoyote, yenye muuguzi mmoja wa zamu kwa wodi nzima na jokofu la damu lililo tupu. Daktari wa hapo akiamua kumpasua mapema mgonjwa ambaye penginepo angeangaliwa tu, au akimpeleka upesi Mount Meru mjini Arusha au KCMC ya Moshi kungali mapema, asihukumiwe kuwa mwoga au mpenda kisu. Jeraha lile lile laweza kuwa na maamuzi mawili, na yote mawili yakawa ya haki.

Pengine msomaji atauliza, "Je, ni haki maskini apoteze bandama yake kwa sababu tu hakuna wa kumwangalia?" Twajibu kwamba si haki. Lakini kosa hilo si la mkono ulioshika kisu. Ni deni letu sote, nasi tusilifunike kwa kumlaumu daktari mmoja.

Sehemu ya deni hilo twaweza kuilipa sisi wenyewe. Tukatoe damu kabla ajali haijatokea, wala tusingoje hadi ndugu yetu awe kitandani. Tusimpe majeruhi chai wala uji, hata akiomba kwa machozi, wala tusimchue tumbo. Tusimshurutishe daktari apasue ili tuone kwamba kuna kitu kimefanyika. Wala tusikatae kutia sahihi kwa kuhofu gharama tu, yeye akisema saa ya kisu imefika. Mgonjwa mwenye fahamu aelezwe njia zote mbili na hatari zake, maana tumbo ni lake. Naye aliyetolewa bandama apate chanjo zinazomfaa, na akishikwa na homa aende hospitali siku ile ile.

Zaidi ya yote, tuseme kweli. Mama aliyepigwa teke akisema ameteleza shambani, daktari huenda asiitafute bandama iliyopasuka. Jamaa wanaoijua kweli wakanyamaza ili kulinda jina la nyumba, wanamficha daktari jeraha lenyewe. Heshima ya ukoo haina uzito wa kulinganishwa na uhai wa mtu.

Msamaria hakumfunga majeruhi vidonda tu kisha akaenda zake. Alimfikisha kwenye nyumba ya wageni akamtunza, na kulipokucha akaacha fedha ili utunzaji uendelee. Hatusimuliwi habari za usiku ule, lakini twaamini mtu alikaa macho. Methali zetu mbili hupatana mahali hapo tu: subira huvuta heri palipo na anayekesha, na pasipo naye, ngojangoja huumiza matumbo kweli. Tuulizane basi: zamu hii ya kukesha, nani kati yetu ataishika?