Ramani ya Mdogo Wangu

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani, Mbozi Mission, na kiburi cha mwaka mmoja wa shahada ya uzamili ya jiolojia. Mdogo wangu, mwenye miaka 14, alinionyesha daftari anamoandikia hadithi ya nchi aliyoibuni mwenyewe. Ramani yake ilijaza kurasa mbili: majoka, miji yenye kuta, na mto uliogawanyika mlimani ukamwaga maji katika bahari mbili.

"Dada, unaionaje?"

Nilichukua kalamu nyekundu. Mito huungana ikishuka, nikamwambia, haigawanyiki hivi. Nikauzungushia duara. Safu za milima hazikutani kama kona za chumba. Duara la pili. Uwandani kulikuwa na jiwe la chuma tupu, peke yake, bila mwamba wa aina yake popote karibu. Nikamuuliza limetoka wapi.

"Lipo tu."

Duara la tatu. Hakubisha. Alifunga daftari, na likizo nzima sikuliona tena.

Sikuwa wa kwanza kufanya hivyo. Mordor, nchi ya giza katika vitabu vya Tolkien, imezungukwa na milima inayokutana karibu kwa pembe mraba, na wapo wanajiolojia walioicheka. Lakini Karen Wynn Fonstad, mchora ramani wa Marekani, alitoa atlasi ya dunia hiyo mwaka 1981, na ndani yake alijiuliza ni nguvu gani za ardhi zingeweza kuumba sura kama zile. Elimu ilikuwa ileile, ila swali lake lilikuwa jingine.

Wiki ya mwisho ya likizo nilipanda bodaboda hadi Ndolezi kukiona Kimondo, ambacho sikuwa nimekitazama tangu safari ya shule ya msingi. Kina urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kufikia tani 16. Takriban asilimia 90 yake ni chuma, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni nikeli. Shimo la kuangukia halijaonekana. Wageni walikiripoti mwaka 1930. Wenyeji walikuwa wakikijua tangu zamani. Ukitafuta asili yake katika miamba ya Mbozi hutaipata, kwa sababu kilitoka juu, nje ya ramani.

Kipo tu. Nilisimama pale nikaona aibu.

Kisha nikaukumbuka mto. Sisi tuna mito miwili inayoitwa Songwe: mmoja huenda Ziwa Rukwa, mwingine hufuata mpaka wa Malawi hadi Ziwa Nyasa. Huenda mtoto alisikia jina moja na maziwa mawili, akachora alichosikia. Tena, hata kijiolojia nilikosea. Amerika ya Kusini kuna Casiquiare, mkono wa mto Orinoco unaoiacha njia yake na kupeleka maji katika bonde la Amazon.

Wapo watakaosema kwamba ni hadithi tu, nimwache achore anavyotaka. Sikubaliani nao. Kando ya mto wa kubuni kuna watu wa kubuni wanaochota maji, na kama mto hauna sababu, kiu yao pia haina uzito. Mwandishi anamdai msomaji imani, basi naye anadaiwa sababu. Ila anayejua miamba ana deni lake pia: aulize kabla ya kuhukumu. "Haiwezekani" hufunga daftari. "Ingewezekanaje?" ingemlazimu mdogo wangu kufikiri zaidi, nami pia.

Juzi nilimtumia ujumbe kwenye simu ya mama: "Mto wako unapogawanyika, nani anaamua maji mengi yaende upande gani?"

Mama anasema ameusoma. Jibu bado.