Uhaba wa Dawa na Faradhi ya Waislamu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyiezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo: enyi ndugu Waislamu, maradhi ni kadari ya Mungu, na dawa pia ni katika kadari yake. Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu wajitibu, wala hakuridhia mtu kukaa akingoja mauti kisha akuite kukaa huko tawakkuli. Basi ni ipi hali ya aliyekwenda kujitibu akaikosa dawa?

Zitazamwe Karatu na Ngorongoro, nchi wazijuazo wafanyi biashara wa pwani waendao Mang'ola kununua vitunguu. Huko kichaa cha mbwa ni maradhi yajulikanayo. Wataalamu waliofuatia habari za walioumwa katika wilaya za Ngorongoro na Serengeti, mwaka 2002 hata 2006, waliandika kuwa uhaba wa chanjo na gharama yake ni katika sababu za watu kuchelewa au kuikosa, na wako waliokufa. Mchungaji akiumwa upande wa Endulen, huenda akapita ukingo wa bonde mpaka Karatu, akaambiwa dawa imekwisha, afuate Arusha. Huuza mbuzi apate nauli. Na siku zipitapo, maradhi yapanda polepole katika mishipa ya fahamu kuuendea ubongo. Kabla hayajafika, chanjo huokoa. Dalili zikisha kuonekana, kupona ni nadra mno.

Tabibu naye ana msiba wake. Aijua dawa, na mkono wake ni mtupu. Na watu humdhania kuwa ameiuza. Hata akiwa na kichupa kimoja, hesabu ni ngumu. Iko njia ya kuchanja ndani ya ngozi, iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani, ambayo kwayo kichupa kimoja huwatosha watu kadhaa. Lakini kikisha kufunguliwa hakilali. Basi mgonjwa akija peke yake, kilichobaki humwagwa, na wa kesho hukosa.

Imamu Ghazali katika Ihyaa ameuhesabu utabibu kuwa ni faradhi ya kifaya: wakiusimamisha baadhi ya watu, wengine huokoka, wakiuacha wote, wote wana dhambi. Na tabibu asiye na dawa ni nahodha asiye na tanga. Kwa hiyo kuipata dawa ni katika faradhi ile ile. Mweka bohari auzaye dawa ya umma amehini amana. Na mwenye duka aifichaye ili ipande bei, asijikinge kwa kauli ya mashekhe wa Kishafii walioihusisha ihtikari na vyakula. Kwani kumdhuru mtu ni haramu kwa itifaki.

Mwenye mbwa wa mifugo, jambo lililoruhusiwa na sharia, na amchanje, kwani uhaba hupungua wapunguapo waumwao. Kisiwani Pemba mbwa walichanjwa kwa wingi, na maradhi yakakatika mwaka 2014; yakarudi mwaka 2016, wakachanjwa tena, yakakatika mwaka 2018. Na aliyeumwa asidhani kuosha mara saba, moja kwa mchanga, kumemtosha: hiyo ni tohara, si dawa. Na aoshe jeraha hapo hapo kwa maji mengi na sabuni muda wa robo saa, kisha amwendee tabibu siku ile ile.

Enyi wenye mali! Wazee wa pwani waliweka wakfu visima na minazi. Dawa yenyewe haiwekwi wakfu, kwani huisha kwa kutumiwa. Lakini nyumba huwekwa, na kodi yake ikanunua dawa kila mwaka, ikapelekwa pwani na bara. Na asiyeweza nyumba, atoe sadaka ya kichupa kimoja. Thawabu ya kuokoa nafsi moja imetukuzwa katika Kitabu kuliko wadhanivyo watu, wala haikusharutishwa nafsi hiyo iwe ya jirani au ya mtu wa kabila moja.

Mwenyiezi Mungu awaponye wagonjwa, awasaidie matabibu, na ailainishe mikono ya wenye mali. Amin. Wallahu aalam.