Ukipotea, Rudi Kwenye Alama ya Mwisho

Masomo ya kutafakari: Yer 31:21, Lk 15:11-24, Yn 14:1-6



Kuna swali ambalo naulizwa karibu kila wiki: "Frateri, nitajuaje Mungu anataka nifanye nini na maisha yangu? Nimesali novena, nimefunga, sioni ishara yoyote." Swali hili nalijua vizuri, maana na mimi nimelibeba. Nililibeba mpaka Ireland, na mwanga kidogo nilioupata juu yake niliupata nikiwa nimepotea kwenye ukungu, viatu vimejaa tope, kondoo wananishangaa. Ngoja niwasimulie.

Njia ya Kichwa cha Kondoo

Nilipomaliza falsafa, shirika langu lilinituma Ireland kwa miezi michache kusaidia parokiani kabla ya kuanza teolojia. Kusini-magharibi kabisa mwa nchi ile, katika kaunti ya Cork, kuna rasi nyembamba inayoitwa Sheep's Head, yaani Kichwa cha Kondoo. Kaskazini yake ni Ghuba ya Bantry, kusini ni Ghuba ya Dunmanus, na mbele ni bahari ya Atlantiki tu.

Tangu mwaka 1996 kuna njia ya miguu iliyowekewa alama kuzunguka rasi yote, karibu kilomita 90. Inaanzia mji mdogo wa Bantry, inafuata upande wa kaskazini hadi kwenye mnara wa taa uliojengwa mwaka 1968 kwenye ncha ya rasi, kisha inarudi kwa upande wa kijiji cha Kilcrohane na kupanda mgongo wa vilima, mpaka unajikuta tena Bantry ulikoanzia. Si milima ya kutisha. Kilele kirefu kuliko vyote, Seefin, kina mita 345 tu. Mtu wa Kilimanjaro atacheka.

Lakini usicheke mapema. Sehemu nyingi hakuna njia unayoiona chini. Kuna majani, mawe, vichaka vya miiba vyenye maua ya njano, na ardhi ya majimaji inayomeza mguu hadi kwenye kifundo. Kinachokuongoza ni nguzo fupi nyeusi zenye picha ya mtu wa njano anayetembea, na mshale. Basi. Nguzo haikuambii umebakiza kilomita ngapi. Haikuambii kama mvua inakuja. Inakuambia kitu kimoja tu: pita huku, utaona nyingine.

Jambo jingine nililojifunza: sehemu kubwa ya njia ile inapita katika mashamba ya watu. Kule huna haki ya kukatiza shamba la mtu kwa sababu tu unapenda kutembea. Njia ipo kwa sababu wakulima waliombwa wakakubali. Ndiyo maana unakuta vijingazi vya kuvukia kuta za mawe, na mageti unayotakiwa kuyafunga ukishapita. Kila hatua unayopiga, kuna mtu alisema "ndiyo" kabla yako.

Simu ya baba mdogo

Sasa niwaambie kwa nini nilikwenda kutembea.

Baba yangu alifariki nikiwa mwaka wa pili wa falsafa. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Nikiwa Ireland, baba mdogo akanipigia simu usiku. Hakunigombeza, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Alisema taratibu: "Mwanangu, wenzako wenye digrii wanahangaika wasaidie nyumbani. Wewe unawasalia watu wa Ulaya, na mama yako anaamka saa tisa usiku kukaanga maandazi ili mdogo wako alipe ada. Hebu lifikirie."

Nililifikiria usiku kucha. Nina digrii ya falsafa, jamani, naweza kutetea upande wowote wa hoja! Hadi alfajiri nilikuwa na hoja tano za kubaki na hoja tano za kuondoka, na zote zilikuwa nzuri. Kwa hiyo nikamwekea Mungu sharti: kesho ni siku yangu ya mapumziko, nakwenda mlimani, nipe ishara. Usiponipa, narudi nyumbani.

Nilianzia Kilcrohane. Bibi mmoja wa pale, wa miaka themanini na kitu, alinifungia mkate na chupa ya chai, akanipa na onyo: "Alama zipo za kutosha. Lakini ukitembea muda mrefu bila kuona nguzo, usiendelee mbele ukidhani itatokea. Rudi kwenye ile ya mwisho uliyoiona, usimame hapo, uangalie tena." Nikamwambia asante bibi, nikaondoka. Moyoni nikasema, mita 345 tu.

Juu, halafu ukungu

Juu ya kijiji, mahali barabara inapovuka mgongo wa rasi, kuna sanamu nyeupe ya Mama Maria akiwa amempakata Mwanae aliyekufa. Nilipiga ishara ya msalaba nikapita haraka. Nilikuwa natafuta ishara, nikaipita ile iliyokuwa mbele yangu.

Kileleni Seefin palikuwa peupe. Nikaona ghuba zote mbili kwa pamoja, moja kila upande, na rasi imelala katikati kama mgongo wa mnyama. Nikajisikia nimeelewa kila kitu. Mtakatifu Augustino katika Maungamo yake anasema ni jambo moja kuiona nchi ya amani kwa mbali kutoka kilele chenye msitu, na ni jambo jingine kabisa kuishika njia inayofika huko. Nilisoma sentensi hiyo darasani, nikaiandikia hata insha. Siku ile ndipo nilipoielewa.

Maana ukungu ulikuja. Kule ukungu unatoka baharini bila hodi. Dakika chache tu, ghuba zimepotea, kilele kimepotea, naona mita kama kumi mbele yangu. Nikaendelea kutembea. Nguzo sikuiona. Nikasema, itakuwa mbele kidogo. Nikaona kijinjia kimekanyagwa vizuri, nikakifuata kwa furaha. Kikateremka, kikapinda, kikateremka tena, halafu kikaishia kwenye majani, na kondoo watatu wakanitazama.

Ilikuwa njia ya kondoo! Inafanana kabisa na njia ya watu. Tofauti ni moja: kondoo anaitengeneza akifuata majani, haimpeleki nyumbani. Isaya (53:6) anasema sote tumepotea kama kondoo, kila mmoja akishika njia yake mwenyewe. Chini yangu ardhi ilikuwa inashuka kwa ukali, na sikujua inaishia wapi. Niliogopa, sitawadanganya. Na hata hapo, kiburi kilikuwa kinaniambia: songa tu, usirudi nyuma, kurudi ni kushindwa.

Nikamkumbuka bibi. Nikageuka. Nilirudi nikifuata nyayo zangu kwenye tope, nimeinama, kama robo saa hivi. Halafu ikatokea kwenye ukungu: nguzo nyeusi, mtu wa njano. Nikaikumbatia kama ndugu.

Alama yangu ya mwisho

Nilikaa pale chini ya nguzo nikinywa chai, nikajiuliza swali tofauti na lile nililopanda nalo. Badala ya kuuliza "Bwana, niende wapi?" niliuliza: "Ni wapi kwa mara ya mwisho nilikuona wazi?"

Jibu lilikuja bila hoja. Usiku mmoja wa mvua, baba akiwa mahututi nyumbani, siku ya pili hasemi neno. Paroko wetu alifika na pikipiki, kaloa chapachapa, Mpako wa Wagonjwa kaufunga kwenye nailoni. Alipomaliza sala ya kwanza, baba, ambaye tulidhani hatusikii tena, akajibu: "Amina." Usiku ule nilijua, bila mtu kunishawishi, kwamba nataka kuwa yule mtu anayekuja na pikipiki.

Hiyo ndiyo alama yangu. Ilikuwepo muda wote. Ukungu haukuing'oa, uliificha tu.

Jioni nikampigia mama, nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, akasema: "Nani kakwambia nimemtuma mtu akuite? Maandazi nilianza kuuza wewe hujazaliwa. Ukirudi, baba, rudi kwa sababu Mungu amekurudisha. Usirudi kwa sababu ya maandazi yangu." Kesho yake nikamwandikia mlezi wangu, sikumficha kitu. Shida ya nyumbani haikuisha siku hiyo. Ada ya mdogo wangu bado inatusumbua mpaka leo, na baba mdogo bado hajanielewa. Lakini sikuamua maisha yangu nikiwa kwenye ukungu.

Tujifunze nini?

Wapendwa, nabii Yeremia (31:21) anawaambia watu wa Israeli wajisimikie alama barabarani na waizingatie vizuri njia waliyoipita. Unajua ni kwa ajili gani? Ili waweze kurudi. Ni watu walio uhamishoni, na alama ni za kuwarudisha nyumbani. Naye mwana mpotevu, kule kati ya nguruwe, hakupewa maono. Alikumbuka tu nyumba ya baba yake, akainuka. Hata Tomaso, usiku ule wa karamu ya mwisho, aliomba apewe ramani: hatujui unakokwenda, njia tutaijuaje? Yesu hakumpa ramani. Alimjibu kwamba yeye mwenyewe ndiye njia.

Kwa hiyo nawaachia mambo matatu.

*Kwanza, usibadilishe uamuzi mkubwa ukiwa kwenye ukungu.* Mtakatifu Inyasi wa Loyola anafundisha hivyo: wakati wa ukiwa wa roho, usibadilishe ulichoamua ulipokuwa na mwanga. Umeachwa na mchumba, umefeli mtihani, umekosa kazi mwaka wa tatu huu? Lia, sali, kula, lala. Usitupe imani yako saa sita usiku. Na sisemi kwamba kila aliyeingia seminari au utawani lazima abaki. Wapo wenzangu walioondoka, na waliondoka vizuri, mchana kweupe, baada ya sala na mashauri. Njia yao ilikuwa na alama nyingine. Ninachosema ni kwamba jambo kama hilo liamuliwe kwenye mwanga.

*Pili, kurudi si kushindwa.* Kuna kijana anasoma hapa ambaye mara ya mwisho kuungama ilikuwa kabla ya Kipaimara. Umefuata njia ya kondoo, ilionekana imekanyagwa na wengi, sasa imeishia majanini na unaogopa. Ndugu yangu, dada yangu, kitubio ni ile nguzo. Huhitaji kujua mbele kuna nini ili uirudie. Kwenye parokia yako kuna padre. Mwambie tu: "Padre, sijui nianzie wapi." Atakuanzishia.

*Tatu, alama nyingi za Mungu zimesimikwa na watu.* Tunasubiri sauti kutoka mawinguni, wakati Mungu ameshatuwekea mama, katekista, mlezi, jumuiya ndogo ndogo, mwalimu aliyetufundisha Salamu Maria. Hawa ndio waliokubali njia ipite kwenye mashamba yao. Waulize. Mimi ishara yangu ililetwa na bibi mwenye mkate.

Na siku moja itakuwa zamu yako kuwa alama. Kwenye rasi ile ile, kando ya bahari, kijiji cha Ahakista kina ukumbusho wa watu 329 waliokufa tarehe 23 Juni 1985, ndege ya Air India ilipolipuliwa kwa bomu ikiwa angani karibu na pwani ya Ireland. Kila mwaka tarehe hiyo ndugu wa marehemu wanakuja, na watu wa pale wanasimama nao. Hawakuwajua marehemu. Hawana maneno ya kuondoa msiba ule. Wanasimama tu, mwaka baada ya mwaka. Kazi ya nguzo ndiyo hiyo: kukaa pale pale, mtu aliyepotea akuone. Rafiki yako anayepitia giza huenda hahitaji mahubiri yako, wala ya kwangu. Anahitaji akikutafuta, akukute.

Wiki hii chukua dakika kumi mbele ya Ekaristi, au hata chumbani kwako, simu ukiwa umeizima. Jiulize: ni wapi mara ya mwisho nilimwona Bwana wazi? Kiandike. Halafu rudi hapo, simama, uangalie tena.

Tusali

Bwana Yesu, wewe ndiwe njia yetu. Tunapokimbilia mbele bila kukuona, tupe unyenyekevu wa kugeuka. Wakumbushe walio kwenye ukungu usiku huu mahali walipokuona. Wabariki wazazi wanaoamka usiku kwa ajili yetu, na uwapumzishe kwa amani waliotutangulia. Tufanye na sisi kuwa alama kwa wenzetu. Mama Maria, uliyempakata Mwanao chini ya Msalaba, utuombee. Amina.

Tuombeane. Ni mimi frateri wenu, ambaye bado sijapewa ramani.