TAIRI KIPARA HALICHONGWI, LINABADILISHWA!

Hata kama karatasi hii umeipokea kwa kumwonea haya aliyekupa, isome mpaka mwisho.

Wewe unayepiga debe stendi, wewe unayeosha magari, inama uangalie tairi. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira. Kashata zikilika zikawa sawa na vinundu hivyo, zimebaki milimita 1.6 tu. Tairi limekwisha! Ubavuni kuna tarakimu nne. Ukiona 2319, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata zinaweza kuwa nzuri, kumbe mpira umezeeka na ubavu una nyufa.

Sasa wengine hufanyaje? Wanachukua kisu cha moto, wanachonga mifereji upya kwenye kipara cha gari dogo, wanapaka dawa nyeusi, linang'aa. Unasema, "Jipya hilo!" Kumbe limezidi kuwa jembamba! Siku gari linateremka Kitonga limejaza abiria, tairi linapata moto, pu! Hapo dawa nyeusi inasaidia nini?

Kijana, si ndivyo unavyoyafanya maisha yako? Jumatatu umeapa kuacha gongo, Ijumaa umerudi. Sikukuu umevaa ukapendeza, mama akafurahi, lakini moyoni nyuzi ziko nje. Unajichonga! Yesu alifundisha kwamba kiraka kipya hakifai kwenye nguo kuukuu (Marko 2:21). Nikodemo alikuwa mwalimu wa dini, mtu wa heshima, lakini naye aliambiwa ni lazima azaliwe mara ya pili (Yohana 3).

UBADILISHE LINI? Dereva mwenye akili hangoji gari lipinduke. Anabadilisha tairi likiwa bado lina upepo. Wewe bado una pumzi. Ni leo!

UBADILISHE VIPI? Kwanza simama. Hakuna anayebadilisha tairi gari likitembea! Simama mahali tambarare, vuta handbreki, weka jiwe nyuma ya gurudumu. Legeza nati kwanza, ndipo upige jeki. Ukishavalisha jipya, usikaze nati kwa kuzunguka. Kaza moja, kisha inayoielekea, kama msalaba, ndipo gurudumu likae sawa. Na wewe, kwanza simama, acha njia hiyo. Hiyo ndiyo toba. Kisha njoo msalabani. Tairi jipya ni pesa nyingi, lakini moyo mpya umekwisha kulipiwa Kalvari kwa damu. Wewe pokea tu!

Sema kwa imani: "Bwana Yesu, nimechoka kujichonga. Mimi ni mwenye dhambi. Nisamehe, ondoa moyo wa zamani, nipe mpya. Kuanzia leo shika usukani wewe. Amina."

Umeomba kwa kumaanisha? Umeokoka! Mwone aliyekupa karatasi hii, au njoo mbele leo jioni mkutanoni tukuombee. Usiende nyumbani na kipara!