Binamu wa Nyungunyungu

Mjomba aliniita ruba mbele ya watu. Tulikuwa nyuma ya nyumba kwetu Tabaka, mama na shangazi wakipiga msasa viboko vya mawe ya sabuni kwenye karai la maji, mimi nimekaa na simu. Nilikuwa nimeacha chuo miezi minane. "Wewe ni ruba tu," akasema. "Unamnyonya mama yako." Hakuna aliyecheka, na hiyo ndiyo iliuma.

Hapa kwetu jina hilo kwa kawaida ni la broka, yule anayenunua kiboko kwa bei ya kutupa kisha anaenda kukiuza ghali Nairobi. Sasa likawa langu. Nikaanza kumsoma huyo mnyama, nusu kwa hasira.

Kumbe ruba na nyungunyungu ni damu moja! Yule yule tunayemsifu shambani kwa kulainisha udongo. Wote wana pingili, wote wana ule mkanda mnene unaotengeneza kifuko cha mayai, na kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja. Ruba ni tawi lililochipuka ndani ya ukoo huo huo. Na si wote wanaonyonya damu; wengine humeza minyoo na vibuu wazima wazima. Wengine hubeba watoto wao wakiwa wamejishikiza chini ya tumbo la mzazi. (Yupo pia anayeishi kwenye njia ya haja kubwa ya kiboko, lakini huyo wachongaji wetu hawamchongi.)

Mwaka 2025 wanasayansi walieleza kisukuku cha ruba kutoka Wisconsin, Marekani, chenye umri wa miaka milioni 437 hivi. Walikiita Macromyzon siluricus. Nyuma kina kile kikombe cha kujishikiza, lakini mbele hakuna. Kwa maoni yao, ruba wa kale aliishi baharini na huenda alikula viumbe wadogo wenye miili laini. Damu ilikuja baadaye.

Nikataka kumpelekea mjomba hiyo hoja: hata ruba hakuanza hivyo. Lakini ina shimo, na nililiona kabla yake. Ng'ombe mwenye ruba puani hajali mababu wa ruba walikula nini. Damu inatoka leo. Tena ruba hana la kuchagua, mimi ninalo. Nikijificha nyuma ya kisukuku nitakuwa nimemweka ruba kuwa wakili wangu.

Ninachomkatalia mjomba ni lile "tu". "Unamnyonya mama yako" ilikuwa kweli, na kitu kama hicho mtu anaweza kukiacha hata kesho asubuhi. "Wewe ni ruba tu" haikuniachia pa kutokea. Hata broka sijui kama tunamtendea haki kwa jina hilo, ingawa bei zake ni za wizi.

Jioni nikavuta kigoda karibu na karai. Mama hakusema kitu. Akanipa kiboko mdogo, masikio bado yana alama za kisu, na kipande cha msasa.

"Anza na hayo masikio," akasema shangazi.