Amana ya Aliye Mbali

Fedha ivukapo mpaka hubadilika jina. Itokapo Minneapolis huitwa dola, ifikapo Voi huitwa shilingi. Na katika kubadilika huko hubadilika pia jambo jingine lisiloandikwa katika stakabadhi. Mkononi mwa aliyeichuma fedha ile ilikuwa ujira: kazi ya usiku, theluji ya njiani, usingizi wa saa nne. Mkononi mwa aipokeaye ni nini? Ni zawadi, ni malipo ya deni, au ni amana? Swali laonekana dogo, walakini ndugu wengi wamefarakana kwa sababu hawakuliuliza mapema.

Wala fedha yenyewe si haba. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walipeleka kwao dola zaidi ya bilioni 4.9, kiasi kilichopita mbali mapato ya chai. Katika visiwa vya Komoro fedha itokayo Ufaransa, hasa Marseille, hulisha nyumba, husomesha watoto, na hugharimia ile harusi kubwa ya ada ambayo mtu huiwekea akiba miaka mingi. Jambo lenye uzito wa namna hii halifai kuachiwa wenye mabenki peke yao kulifikiri.

Njia ya fedha hii nayo ina mafunzo yake. Neno hawala lilikuwamo katika Kiswahili zamani kabla ya simu ya mkono, na siri yake ni kwamba fedha haisafiri. Mtu humkabidhi wakala wa mji huu. Wakala humwarifu mwenziwe wa mji ule. Mwenziwe hulipa kutoka katika sanduku lake mwenyewe, na baina ya hao wawili hubaki deni litakalosawazishwa siku nyingine kwa bidhaa au kwa malipo ya upande wa pili. Kisafiricho ni neno la mtu na imani ya mwenziwe. Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 na mabenki yakaanguka nayo, neno hilo liliendelea kulisha watu. Hatari ikaja kutoka upande usiotazamiwa. Mwaka 2013 benki ya Barclays ya Uingereza iliamua kufunga hesabu za mawakala wengi wa namna hii, na mwaka 2015 benki moja ya California ikafanya vivyo hivyo, kwa kuchelea sheria za fedha haramu na ugaidi. Hofu hiyo haikuwa bure. Hata hivyo aliyeumia kwanza alikuwa bibi mzee aliyengoja fedha ya unga.

Wakala wa leo, awe na duka au awe ndani ya simu, hadai imani nyingi kwa mteja wake, na pengine ni kwa sababu hiyo huificha bei yake. Ikiwa dola moja yauzwa baina ya mabenki kwa shilingi 129, yeye aandikaye kwamba hatozi ada huweza kumhesabia mpelekaji shilingi 125. Katika dola 300, shilingi 1,200 zimebaki njiani na hakuna aliyeziona zikitoka. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulikubaliana kwamba ifikapo 2030 gharama ya kupeleka fedha ishuke chini ya asilimia 3. Mwishoni mwa mwaka 2023 hesabu za Benki ya Dunia zilionyesha kwamba kupeleka dola 200 katika nchi za Afrika kusini ya Sahara kuligharimu karibu asilimia 8. Watu humlaumu wakala kwa kificho hiki, na lawama hiyo ni haki. Ajabu ni kwamba kificho cha namna hiyo hiyo hutendwa kila mwezi katika ncha zote mbili za safari, na watendaji ni ndugu wapendanao.

Twaa mfano wa ndugu wawili wa tumbo moja. Mkubwa yuko Minneapolis, akiwahudumia wazee katika nyumba ya malezi. Mdogo yuko Voi, na kila mwezi hupokea dola 300 ili amjengee kaka yake nyumba. Mama yao akaugua. Mdogo akaichukua fedha ya saruji na mabati akalipa hospitali. Kisha, kwa haya au kwa hofu, akaendelea kusema kwamba kuta zimefika kwenye linta. Baada ya miaka miwili mkubwa akaja likizo, akakuta msingi na majani.

Sheria ina jibu jepesi. Fedha iliyotolewa kwa kazi iliyotajwa si mali ya mpokeaji. Yeye ni wakala tu, na wakala aliyekiuka agizo hudaiwa. Wanachuoni wa fikihi nao huitenga hiba, ambayo mpewa huifanya apendavyo, na amana, ambayo mwekewa hana ruhusa ya kuitumia. Walakini ukoo una jibu lake pia. Mama ni wa wote wawili, na mtoto ambaye angemwacha mama afe ili kuta zipande asingesifiwa na mtu yeyote, hata na mwenye nyumba. Kwa hiyo kosa si kuitoa fedha. Kosa ni kwamba mkubwa hakuulizwa. Alinyimwa nafasi ya kumwuguza mama yake kwa kujua. Wema wake ulitendwa kwa niaba yake, kwa siri, kana kwamba yeye mwenyewe asingeuweza.

Wengi hulimaliza shauri hapa na kumhukumu mdogo. Ni mapema mno. Yafaa kuuliza mkubwa naye alipeleka nini pamoja na fedha. Alipeleka picha yake ameegemea gari lisilo lake. Hakusema kwamba alikuwa na kazi mbili, wala kwamba chumba chake hulalwa na watu wanne kwa zamu, wala kwamba miezi mingine dola zile 300 zilikuwa mkopo. Mtu hukipima kitu kwa kadiri ajuavyo kilivyopatikana. Na mdogo, kwa habari alizopewa, alizipima zile dola kuwa makombo ya meza iliyojaa. Anayechota maji baharini haombi ruhusa. Zamani fedha iliandamana na barua, na barua, ingawa nayo yaweza kusema uwongo, ilikuwa na nafasi ya kutosha kwa mtu kujisahau akasema kweli. Ujumbe wa simu hutaja kiasi, jina, tarehe na saa, basi.

Yamkini atatokea wa kumtetea mkubwa kwamba kuficha shida ni sitara, na sitara ni adabu njema. Mwana hamsimulii mama yake kila jeraha. Utetezi huu una nguvu, maana Waswahili hawakulitukuza neno sitara bure. Lakini sitara ni kunyamaza, na gari la watu si kunyamaza. Mtumishi wa nyumbani aliye Riyadh ambaye hasemi jinsi tajiri wake anavyomkaripia amejisitiri. Huyo huyo akisema kwamba mshahara wake umeongezwa, na baba yake akakopa ng'ombe kwa kuutegemea, ameghushi. Tofauti haimo katika wingi wa maneno yaliyofichwa. Imo katika jambo hili: je, mwingine atakata shauri kwa kutegemea asichokijua? Kama atakata, basi anadai kujua, naye ana haki.

Kwa kipimo hiki uwongo wa mdogo ni mzito zaidi, kwa kuwa uligusa mali ya mwenziwe. Lakini uwongo wa mkubwa ulitangulia, na ndio ulioufanya ule wa pili uonekane mwepesi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la namna hii lahitaji kurasa mbili: moja ya matumizi, na moja, ambayo haidaiwi na mtu, ya mapato. Ziko jamaa zilizokwisha kuzoea kuitaja kila fedha wakati wa kuipeleka, hii ya karo, hii ya mama, hii fanyeni mpendavyo, na huzozana kidogo kuliko wengine.

Ugumu mmoja unabaki. Mama aliyeambiwa kweli aweza kuikataa fedha. Aweza kusema kwamba hatakula chakula kilichonunuliwa kwa usingizi wa mwanawe, na hospitali isilipwe. Wana wengi huinyamazia kweli kwa kuhofia jibu hilo, na hofu yao si ya kudharauliwa. Lakini kukubali na kukataa vyote vilikuwa vyake mama, na mwana aliyemwondolea kimoja kwa huruma hakumwachia hicho cha pili kikiwa kizima.